Ekiru si Akiru: Kompyuta inapoandika anwani za Turkana

NI herufi moja tu inayowatenganisha. Ekiru ni mvulana, Akiru ni msichana, na majina yote mawili yanatokana na neno la Kiturkana lenye maana ya mvua. Katika nchi ambayo wingu jeusi ni habari njema, si ajabu kuwapata wote wawili katika boma moja: kaka na dada, baba yao mmoja, shule yao moja na sanduku lao la posta moja.

Sasa mfikirie karani wa ofisi fulani jijini Nairobi ambaye ameagizwa achapishe lebo mia tatu za bahasha kabla ya saa kumi jioni. Ndani ya kila bahasha mna barua ya kumwita mwanafunzi kwa mahojiano ya ufadhili wa masomo. Orodha aliyopewa iliandikwa kwa mkono, na E ya mwalimu inafanana mno na A. Karani anaandika Akiru. Barua inasafiri hadi Kitale, inaingia barabara ya kaskazini karibu kilomita 300 hadi Lodwar, inafika shuleni salama salimini na kukabidhiwa dada mdogo ambaye hata hajaomba ufadhili wowote. Kaka anaendelea kungoja barua yake. Tarehe ya mahojiano inapita.

Kisa hicho nimekitunga, lakini mtu yeyote aliyewahi kushika funguo za sanduku la barua la shule atakuambia kwamba hakiko mbali na ukweli. Posta haikukosea hapo, wala dereva wa gari la barua. Kosa lote lilikuwa kwenye kijikaratasi chenye gundi, kirefu kuliko kidole chako kwa sentimita chache tu.

Lebo hizo za kujigundisha si jambo geni. Mmarekani R. Stanton Avery ndiye aliyezianzisha mjini Los Angeles mwaka wa 1935, na hadi leo madukani karatasi nyingi za lebo huuzwa kwa nambari za kampuni iliyobeba jina lake. Kilichozifanya zipendwe ofisini, kanisani na hata nyumbani ni kompyuta. Ukishaweka majina na anwani za watu wako katika programu kama Outlook ya Microsoft au Contacts ya kompyuta za Apple, kadi za harusi mia mbili zinaweza kupata anwani kabla chai yako haijapoa. Kuna watakaouliza ni nani bado anaandika barua katika zama hizi za simu ya mkono. Waulize wanaosubiri barua ya basari, kadi ya benki, vyeti vya mitihani, au mwaliko wa kikao cha wazazi mahali ambapo mawimbi ya simu huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu.

Tatizo ni kwamba programu hizi hazikutungwa Lodwar. Aliyezitunga alikuwa akimwaza mtu mwenye jina la kwanza, jina la ukoo, nambari ya nyumba na jina la barabara. Mturkana, Msomali au Mdinka akiingizwa humo bila kurekebishwa chochote, hutoka upande wa pili akiwa mtu mwingine.

Tuanze na jina. Programu ina kijisanduku cha jina la kwanza na kingine cha jina la mwisho, na yenyewe huamini kwamba la mwisho ni la ukoo. Kwa Msomali, jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu. Kwa Mhabeshi, jina la pili ni la baba yake, basi, na kumwita kwa hilo pekee ni kumwita mzee wake. Ukiamuru lebo zipangwe kwa jina la mwisho, ndugu wa baba mmoja huenda wakakaa pamoja, lakini mtu na mjomba wake watakaa mbali, na akina Mohamed watajaa kurasa nzima. Miongoni mwa Waturkana, majina mengi ya wanaume huanza na E au Lo, na ya wanawake na A au Na. Kwa hiyo daftari lako litakuwa na vilima vinne virefu na mabonde matupu katikati. Katika kilima kirefu ndimo macho huteleza.

Tena kuna jina la kitambulisho na jina la nyumbani. Mzee wa Kiturkana anaweza kujulikana kote kwa jina la fahali wake ampendaye, jina linaloanza na Apa, na kijana wa kupeleka barua akauliza jina la kitambulisho asipate wa kumwonyesha. Mama naye huitwa kwa mwanawe. Karani wa posta anataka jina la kitambulisho, mpelekaji anataka lile la nyumbani. Yote mawili yanastahili nafasi, na hapa ndipo kurekebisha lebo kunapoacha kuwa urembo wa maua na rangi. Fungua kijisanduku kimoja uandike jina kamili, lote kwa pamoja, kwa mpangilio ule ule wa kitambulisho au cheti cha shule. Tumia kile cha jina la utani kwa jina la nyumbani. Kisha, unapounganisha orodha yako na lebo katika Word, chagua mwenyewe ni kijisanduku gani kitokee mstari wa kwanza na kipi cha pili, badala ya kukubali mpangilio wa anwani ambao programu inakupendekezea. Kompyuta haitanung'unika. Ilikuwa ikingoja tu kuambiwa.

Ukimaliza jina unakutana na barabara. Barua nchini Kenya kwa kawaida haiendi mlangoni kwa mtu. Huenda kwenye sanduku la posta. Anwani yetu ya kawaida ni jina, S.L.P. na nambari yake, kistari, msimbo wa posta, halafu mji. Msimbo wa Lodwar ni 30500 na wa Kakuma ni 30501. Programu zilizopangwa Kimarekani hutaka msimbo uje baada ya mji, na nyingine zitauweka mwisho kabisa kando ya jina la nchi, mahali ambapo karani wa kupanga barua hatazami. S.L.P. iandike katika kijisanduku kilichokusudiwa barabara, ikiwa pamoja na msimbo, na ukiache kile cha msimbo kitupu ikiwa huwezi kukihamisha. Ni ujanja kidogo, lakini lebo hutoka kama ambavyo macho ya posta yetu yamezoea.

Mstari ulio muhimu kuliko yote hauna kijisanduku chake. Ni ule wa "kupitia kwa". Familia nyingi za Turkana hazina sanduku lao wenyewe. Wana la shule, la kanisa, la zahanati au la ofisi ya chifu. Sanduku moja laweza kuwa la mamia ya watu. Bila mstari huo, barua itafika sandukuni na kukwama hapo katika rundo la barua ambazo kila mtu anadhani ni za mwingine. Weka kupitia kwa mwalimu mkuu, au padri, au chifu, ukitaja cheo badala ya jina la mtu. Walimu huhamishwa; cheo hubaki ofisini.

Mji nao una hila zake. Tazama ramani ya Turkana uone: Lodwar, Lokichar, Lokichoggio, Lokori, Lokitaung, Lorugum. Halafu Kakuma, Kalobeyei, Kalokol, Katilu, Kainuk. Ukiwa unaandika orodha katika Excel, programu hiyo hukumbuka neno ulilokwisha kuandika katika safu ile ile na kukumalizia. Andika "Kalo" tu na, ikiwa hapo juu kuna Kalokol, itakupa Kalokol. Bonyeza haraka na kuendelea, na mkazi wa Kalobeyei, magharibi ya Kakuma, amehamishiwa kando ya ziwa kwa wavuvi. Lokichar ambako mafuta yaligunduliwa karibu yake mwaka wa 2012 iko kusini ya Lodwar, kwenye njia ya Kitale. Lokichoggio, iliyokuwa kituo kikuu cha ndege za misaada ya Sudan baada ya mwaka wa 1989, iko mbele ya Kakuma karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Barua iliyokusudiwa huku ikienda kule itakuwa imepita Lodwar bila kushuka. Lokichoggio yenyewe huandikwa kwa namna tatu au nne, na wengi huifupisha kuwa Loki. Chagua tahajia moja uishike katika orodha yako yote, la sivyo kompyuta itahesabu miji mitatu pale ambapo upo mmoja.

Kuna jambo jingine la Excel ambalo huwaudhi zaidi watu wa Nairobi. Msimbo wa Posta Kuu ya Nairobi ni 00100. Programu hiyo huuona kuwa ni hesabu, nayo hesabu haianzi na sifuri, kwa hiyo inazifuta na kukuachia 100. Thika, 01000, inabaki 1000. Lodwar na Kakuma hazidhuriki kwa kuwa zinaanza na tatu. Anayeumia ni mzazi wa jijini anayengoja jibu kutoka shule ya Turkana. Nambari za simu zinazoanza na sifuri nazo hupatwa na maafa hayo hayo. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuandika chochote, ifanye safu ile iwe ya maandishi, si ya nambari. Ukifanya hivyo baadaye sifuri hazirudi zenyewe, utaziandika upya moja moja.

Karatasi je? Hapa ndipo pesa hupotea. Karatasi ya lebo inayopatikana sana kwetu ni ya ukubwa wa A4, milimita 210 kwa 297, yenye lebo 21 katika safu tatu na mistari saba. Kila lebo ina upana wa milimita 63.5 na kimo cha 38.1, nambari yake kwa kampuni ya Avery ni L7160. Wamarekani hutumia karatasi fupi na pana kidogo, milimita 216 kwa 279, na lebo yao mashuhuri ni 5160, ambayo ina lebo 30. Nambari hizo zinafanana kama Ekiru na Akiru. Ukichagua 5160 na kuweka karatasi ya L7160 katika mashine, mtu wa pili ataanza kuchapishwa ndani ya lebo ya mtu wa kwanza, na kufika chini ya ukurasa hakuna anayejua yupi ni yupi. Kabla ya kuchapisha, hakikisha programu imeambiwa karatasi ni A4, na katika dirisha la mashine ya kuchapisha ukatae pendekezo la kupunguza ukurasa ili utoshee. Iwe asilimia 100.

Kwanza chapisha kwenye karatasi ya kawaida. Iweke nyuma ya karatasi ya lebo, uzinyanyue zote mbili dirishani, na mwanga wa jua utakuonyesha kama maandishi yameangukia mahali pake. Jaribio hilo ni la bei ya karatasi moja.

Ikiwa anwani zako zina mistari sita, na za Turkana huwa nayo mara nyingi, usiyafinyange maandishi hadi yawe madogo kama sisimizi. Nunua karatasi ya lebo 14, L7163, ambayo kimo chake ni kile kile lakini upana ni milimita 99.1. Majina marefu hayatakatika katikati. Mpe msomaji wa posta herufi ambazo anaweza kuzisoma bila miwani, kwa wino mweusi juu ya weupe, na umwachie mwanao yale maandishi ya mapambo kwa ajili ya kadi za siku ya kuzaliwa.

Mashine za leza hukaza wino kwa joto linalokaribia nyuzi 200, hivyo karatasi ya lebo iliyokwisha kubanduliwa nusu isirudishwe humo. Lebo moja ikijibandua ndani, fundi atakula pesa za karatasi za mwaka mzima. Mashine za wino wa maji hazikazi wino kwa joto hilo, ila maandishi yake hutiririka yakiguswa na jasho. Lodwar, ambako mchana joto hupita nyuzi 35, jasho halikosekani. Kipande cha utepe wa kung'aa juu ya lebo huokoa mengi. Zile karatasi zenyewe zihifadhiwe zikiwa zimelala ndani ya pakiti yake, mbali na dirisha na vumbi, kwani joto huzikunja pembe.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita kama 120, lakini kwa mwandika anwani ni safari ya kuingia ulimwengu mwingine. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka wa 2016. Kwa pamoja huishi humo zaidi ya watu laki mbili, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Huko watu wana anwani iliyo wazi kuliko vijiji vingi vyetu: Kakuma 1 hadi 4, kisha zoni, kisha bloku, na Kalobeyei ina vijiji vyake vya kwanza, pili na tatu. Tatizo ni kwamba posta haipiti katika bloku. Barua hufikia sanduku la shule au la shirika, na kutoka hapo huchukuliwa kwa mkono. Kwa hiyo lebo ya Kakuma ina wasomaji wawili. Mistari ya chini, S.L.P. na mji, ni ya mtu wa posta. Ile ya juu, zoni na bloku, ni ya kijana wa baiskeli. Itenganishe kwa nafasi kidogo ili mmoja asimchanganye mwenzake.

Kuna kichekesho kidogo katika kijisanduku cha tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi ambao hawakuwa na vyeti waliandikishwa kuwa walizaliwa Januari 1. Daftari la kompyuta litakukumbusha asubuhi ya mwaka mpya kwamba nusu ya rafiki zako wa Kakuma wanatimiza mwaka. Usicheke sana, kwani ina maana kwamba tarehe hiyo haiwezi kukusaidia kutofautisha watu wawili wenye jina moja.

Watu ambao wameelewa jambo hili kwa muda mrefu kuliko kompyuta yoyote ni wale wa Msalaba Mwekundu. Ujumbe wao maarufu, barua ya wazi isiyofungwa na yenye habari za kifamilia tu, umewafikia watu waliotenganishwa na vita ambao hawana mtaa wala sanduku. Fomu yake haiulizi barabara. Huuliza jina kamili la anayetafutwa, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa na mahali alipojulikana mara ya mwisho. Kwa njia hiyo mtu hutambulikana kwa watu wake. Karani wa Nairobi akiongeza jina la mama katika orodha yake, hata kama halitachapishwa kwenye lebo, atakuwa na namna ya kumtenga Deng mmoja na Deng mwingine wakati bahasha imerudi na ofisi nzima inakuna kichwa.

Nimesema hata kama halitachapishwa, na nilikusudia hivyo. Programu hizi ziko radhi kuchapisha kila unachowapa, na yapo mambo ambayo mpelekaji hana haja ya kuyajua. Miongoni mwa walioko Kakuma wamo waliomkimbia mtu, si vita peke yake. Nambari ya ukimbizi, kabila na nchi mtu alikotoka visionekane nje ya bahasha. Vivyo hivyo jina la kliniki. Bahasha ambayo imeandikwa aina ya ugonjwa pembeni hupita mikononi mwa watu watano kabla ya kumfikia mgonjwa, na wote watano wanajua kusoma. Katika Word unaweza kuweka maelezo hayo katika orodha na usiyaingize katika lebo. Chukua dakika mbili kuhakikisha.

Kwa familia za jijini zinazotuma vifurushi kwa basi badala ya posta, mambo hugeuka. Hapo S.L.P. haina kazi, na nambari ya simu ndiyo barabara, nyumba na mlango. Iandike kubwa, na ya pili chini yake ya mtu mwingine, kwa sababu simu ya kwanza huenda imezimika chaji. Taja na kituo ambako mzigo utashushwa. Tengeneza lebo mbili zilizo sawa, moja nje na nyingine ndani juu ya nguo, maana gunia husuguana na magunia mengine njia nzima.

Halafu pindua bahasha. Nyuma yake panahitaji lebo ya mtumaji, ambayo wengi huisahau kwa kuwa daftari la kompyuta halina mwenyewe ndani yake. Jiandikishe humo kama mtu mwingine yeyote, weka sifuri zako zote, chapisha ukurasa mzima wa lebo 21 za jina lako, na uzihifadhi katika droo. Barua ya Kakuma ikikosa mwenyewe, itajua njia ya kurudi, nawe utaituma tena kabla tarehe haijapita.